Kubadilisha koili ya moto kwenye trekta la zamani la petroli

Trekta la petroli la miaka ya 1940 au 1950 likianza kuzima baada ya nusu saa ya kazi, kisha likiwaka bila tabu baada ya kupoa, wa kwanza kulaumiwa ni koili. Mara nyingi lawama hiyo ni ya haki. Mara nyingi vilevile siyo: koili isiyo na kosa inang'olewa, mpya inafungwa, na trekta linazima palepale, kwa sababu mkosaji alikuwa kondensa, waya uliolegea nyuma ya swichi, au tundu la hewa la kifuniko cha tangi lililozibwa na vumbi. Na hata koili ikiwa imekufa kweli, kuna kilichoiua, na kisipopatikana kitaiua na hiyo mpya.

Kufungua na kufunga ni kazi ya dakika ishirini. Muda mwingi uupeleke kwenye kupima, na kwenye kuchagua koili inayolingana na umeme wa trekta lako.

Maelezo haya ni ya matrekta yenye betri, koili na distributa (kigawaji cha moto kwa plagi) ya pointi, yaani swichi ndogo inayofunga na kufunguka injini ikizunguka: Ford 9N, 2N na 8N zilizotengenezwa kati ya 1939 na 1952, Ferguson TE20 ya petroli iliyotengenezwa Coventry kuanzia 1946 hadi 1956, na mengine ya mtindo huo. Trekta la magneto, yaani linalojizalishia umeme wa cheche bila betri, ni habari nyingine, kwani koili yake imo ndani ya magneto yenyewe. La dizeli halina koili wala plagi za cheche, kwa hiyo usiitafute.

Koili inavyofanya kazi

Ndani ya mkebe kuna misokoto miwili ya waya iliyozungushiwa kiini cha chuma. Msokoto wa kwanza ni wa waya mnene wenye mizunguko mia chache. Wa pili ni wa waya mwembamba kama unywele, wenye maelfu ya mizunguko. Pointi zikifunga, umeme wa betri unapita kwenye waya mnene na kujenga uga wa sumaku. Pointi zikifunguka, umeme unakatika ghafla, uga unaporomoka, na katika waya mwembamba unazaliwa msukumo wa maelfu ya volti unaoruka kwenye plagi.

Neno la kushika hapo ni "ghafla". Kondensa ndiyo inayofanya mkato uwe wa ghafla. Inaumeza umeme ambao ungeruka kama cheche kati ya pointi. Kondensa ikifa, mkato unakuwa wa kuburuza, cheche za plagi zinakuwa nyembamba na za njano, na fundi anasema koili imechoka. Ndiyo maana vitu hivi viwili vinapimwa pamoja siku zote.

Kabla ya kugusa spana

Gia iwe huru na breki ifungwe. Utakapozungusha injini kwa mkono, gumba likae upande mmoja na vidole vingine, lisizunguke mpini, kwa sababu injini ikirudi nyuma huvunja mkono. Usishike waya mnene wa plagi kwa mkono mtupu injini ikizunguka. Na usipime cheche karibu na kabureta inayovuja. Petroli haihitaji cheche kubwa.

Andaa spana za inchi (za milimita huteleza na kula vichwa vya nati), bisibisi bapa, fila geji (vibamba vya kupimia mwanya), koleo yenye mpini wa plastiki, msasa laini, brashi ya waya, mita ya umeme inayosoma omu na volti, na balbu ndogo ya majaribio yenye volti za trekta lako. Mita ya kidijitali ya bei ya chini inatosha, ila ifanyie jambo moja kwanza. Iweke kwenye omu, gusanisha ncha zake mbili, usome inachoonyesha. Mara nyingi ni 0.2 hadi 0.5. Hicho ni kinzani (ugumu wa umeme kupita) cha nyaya za mita yenyewe, na utakitoa katika kila kipimo kidogo. Ukikisahau, koili ya omu 1.5 itasomeka karibu 2, nawe utaanza kuitilia shaka bure.

Tambua pia ni terminali ipi ya betri iliyofungwa kwenye bodi, yaani kwenye chuma cha trekta. Matrekta mengi ya wakati ule yalitoka kiwandani yakiwa na chanya kwenye bodi. Mengi yamegeuzwa baadaye, mengine yamehamishwa kutoka volti 6 kwenda volti 12, na mara nyingi aliyegeuza hakuandika popote. Usiamini kitabu wala rangi za nyaya. Ufuate kwa jicho waya mnene kutoka kwenye betri hadi unapofungwa kwenye chuma, uone umetoka kwenye alama ipi.

Thibitisha kwamba ni koili

Kama trekta huzima likiwa la moto, subiri lizime, kisha fanya mambo mawili papo hapo kabla halijapoa. La kwanza ni mafuta: weka kopo chini ya kabureta, mbali na bomba la moshi, fungua kizibo cha kumwagia, uangalie. Petroli itoke kwa mkondo usiokatika kwa nusu dakika hivi. Ikianza vizuri kisha ikapungua na kuwa matone, tatizo ni kifuniko cha tangi, kichujio au bomba, na koili haina kosa. Funga kizibo, futa petroli yote iliyomwagika na sogeza kopo mbali kabla ya kwenda kwenye cheche.

La pili ni moto wa plagi. Chomoa waya mnene wa kati kwenye kofia ya distributa, ushike kwa koleo yenye mpini wa plastiki, ncha yake ikae milimita 6 kutoka chuma safi cha injini, na mwenzako apige starta. Cheche nene ya buluu inayolia "ta, ta, ta" kwenye pengo hilo inamaanisha koili na kondensa ni nzima, na shida iko mbele yake: kofia, rota (kipande kinachozunguka chini ya kofia), nyaya za plagi au plagi zenyewe. Cheche ya njano, nyembamba, inayoruka mara moja moja, au kutokuwepo kabisa, inakurudisha nyuma kwenye koili na vinavyoilisha.

Sasa chukua mita. Kipimo hiki cha volti ndicho kinachookoa koili nyingi zisitupwe, na ndicho watu wengi hukiruka. Chomoa plagi zote ili injini izunguke kwa urahisi, fungua kofia ya distributa, zungusha injini taratibu mpaka uone pointi zimefunga kabisa. Washa swichi. Pima volti kati ya terminali ya koili inayotoka swichi na bodi. Katika mfumo usio na rezista (kipande cha kupunguza umeme kinachofungwa kabla ya koili), utarajie volti karibu sawa na za betri. Ikipungua zaidi ya nusu volti, kuna mguso mbovu kwenye swichi au nyaya. Katika mfumo wenye rezista, volti hushuka mpaka karibu nusu ya za betri au zaidi kidogo, na huko ndiko kufanya kazi kwa rezista.

Hamia terminali ya pili, ile inayokwenda distributa, pointi zikiwa bado zimefunga. Hapa panatakiwa pasome karibu sifuri, chini ya volti 0.3. Ikisoma volti 1 au zaidi, pointi zina mafuta au kutu, au bamba la distributa halina mguso mzuri na bodi. Cheche itakuwa dhaifu hata kwa koili mpya kabisa.

Kisha zungusha injini mpaka pointi zifunguke. Terminali hiyohiyo sasa iruke mpaka volti kamili za betri. Isiporuka, kuna shoti baada ya koili: kondensa iliyoungua kwa ndani, au kihami kidogo kilichopasuka pale waya unapoingia kwenye distributa. Chomoa waya wa distributa kutoka kwenye koili. Volti zikirudi kwenye terminali, koili imejitetea.

Angalia kosa moja linalowapata wengi hapa. Wanapima volti pointi zikiwa wazi, wanaona volti 12 kamili kwenye koili, na kuamua kwamba waya unaoleta umeme ni mzima. Pointi zikiwa wazi hakuna umeme unaotembea, na pasipo umeme unaotembea mguso mbovu haupotezi volti hata moja. Waya ulioshikiliwa na unywele mmoja utasoma volti 12. Pima zikiwa zimefunga.

Kama trekta lina mita ya ampea kwenye dashibodi na bado inafanya kazi, unayo njia ya mkato. Washa swichi bila vifaa vingine, zungusha injini kwa mkono, tazama mshale. Pointi zikifunga mshale unasogea upande wa kutumia, ampea 2 hadi 4 hivi. Zikifunguka unarudi sifuri. Mshale ukibaki sifuri muda wote, umeme haufiki au pointi hazigusi. Ukibaki kwenye kutumia muda wote, pointi hazifunguki au kuna shoti. Ni kipimo cha nusu dakika, na kinafanyika bila kufungua chochote.

Kupima koili yenyewe

Zima swichi, toa nyaya zote kwenye koili, ukiwemo waya mnene wa kati. Ukiziacha utapima trekta zima.

Kati ya terminali mbili ndogo, koili ya volti 12 isiyotaka rezista husoma karibu omu 3. Koili ya volti 12 inayotaka rezista ya nje husoma karibu 1.5. Koili nyingi za duara za volti 6 nazo ziko karibu na 1.5. Ikisoma pungufu sana, mizunguko imegusana ndani. Isiposoma chochote, waya umekatika.

Kutoka terminali ndogo mojawapo hadi tundu la kati la waya mnene, utarajie omu 6,000 hadi 12,000 kwa koili nyingi za aina hii. Na kutoka terminali yoyote hadi mkebe wa koili, mita isisogee kabisa.

Koili ikisoma vizuri hapo, usiipe cheti bado. Mita inapima kwa volti moja au mbili. Kazini koili hubeba maelfu. Kihami kilichooza kati ya mizunguko hakionekani kwa mita, huonekana kwa cheche tu. Tena waya uliokatika kwa ndani huweza kugusana koili ikiwa baridi na kuachana ikipata moto. Kwa hiyo pima tena trekta linapozima. Au ifungie kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, uiweke kwenye maji ya nyuzi 60 hadi 70 za Selsiasi kwa dakika ishirini, kisha pima. Kinzani kikipanda kidogo ni kawaida ya shaba. Kikiruka ovyo au kikipotea, koili imekwisha.

Tazama pia kwa macho. Mafuta yanayovuja kwenye shingo ya koili ya duara, lami iliyotiririka kutoka koili ya mraba ya Ford, ufa kwenye shingo ya bakelaiti, au mstari mweusi mwembamba kama uliochorwa kwa kalamu kutoka tundu la kati hadi terminali: chochote kati ya hivyo kinatosha kuihukumu. Mstari huo mweusi ni njia ya kaboni iliyochomwa na cheche. Kuufuta kwa kitambaa hakusaidii kitu, cheche itaufuata tena.

Kuchagua koili mpya

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu koili za duara zote zinafanana kwa umbo. Zitenganishe kwa volti na kwa kinzani.

Pointi hupenda umeme usiozidi ampea 4 hivi. Ukizidi, zinaungua. Gawanya volti kwa jumla ya omu za koili na rezista, upate ampea. Koili ya omu 3 kwenye volti 12 ni ampea 4, vizuri. Koili ya volti 6 yenye omu 1.5 kwenye volti 6 ni ampea 4, vizuri. Koili hiyohiyo ya volti 6 ikiachwa palepale trekta linapohamishiwa volti 12 ni ampea 8, na joto ndani yake linapanda mara nne, siyo mara mbili. Itafanya kazi, tena kwa cheche ya kupendeza, mpaka ichemke.

Aliyehamia volti 12 ana njia mbili: afunge koili ya volti 12 ya omu 3 bila rezista, au abaki na ya omu 1.5 na kuweka rezista ya omu 1.5 mbele yake. Rezista hiyo si ya kuchezea. Ampea 4 zikipita omu 1.5 ni wati 24 za joto, kwa hiyo nunua ya wati 50, ifunge kwenye chuma mahali penye hewa, mbali na nyaya na mbali na bomba la petroli. Usifunge koili ya omu 3 na kuacha rezista ya zamani njiani. Utapata ampea chini ya 3, na trekta litaanza kusumbua kuwaka asubuhi za baridi. Katika Ford 9N, 2N na 8N za mwanzo, rezista ya kiwandani imejificha nyuma ya dashibodi, na wengi hawajui kama ipo.

Epuka koili zilizotengenezwa kwa mfumo wa kielektroniki, zenye omu 0.4 hadi 0.8. Maandishi ya kwenye boksi yanaweza kuahidi moto mkubwa, na kweli utaupata, kwa siku chache ambazo pointi zitadumu.

Kama mkebe hauna maandishi yanayosema inataka rezista au haitaki, usinunue bila kuipima. Muuzaji anayekataa koili isipimwe kwa mita anajua kitu.

Kufunga koili ya duara

Ondoa waya wa bodi kwenye betri kwanza, uwe chanya au hasi. Ukianza na ule mwingine, spana ikigusa chuma itageuka fito ya kuchomelea.

Piga picha ya nyaya au zifunge vipande vya utepe wenye alama: huu wa swichi, huu wa distributa. Toa waya mnene kwa kuzungusha mpira wake kidogo huku unavuta. Ukivuta waya wenyewe, utabaki na waya mkononi na kichwa chake ndani ya koili. Legeza nati ndogo kwa spana mbili, moja ikishika nati ya chini. Bolti ya terminali ikizunguka, waya wa ndani unajisokota na kukatika, na hiyo ni njia ya haraka ya kuua koili mpya pia.

Legeza kibano, toa koili. Safisha kibano na mahali kinapokaa kwa brashi ya waya. Ingiza koili mpya na ukaze kibano kiasi cha kuifanya isizunguke kwa mkono. Kukaza kupita kiasi kunabonyeza mkebe, na mkebe ukibonyea hugusa misokoto au hupasua mshono na kumwaga mafuta. Isikae ikigusa bomba la moshi wala kichwa cha injini.

Sasa nyaya. Kanuni ni moja, na inafaa trekta lolote: terminali ya koili yenye alama sawa na ile ya betri iliyofungwa kwenye bodi ndiyo inayokwenda kwenye distributa. Hasi iko kwenye bodi? Hasi ya koili iende distributa, chanya iende swichi. Chanya iko kwenye bodi? Chanya ya koili iende distributa. Koili za Lucas za zamani hazina alama za chanya na hasi, zina SW na CB: SW ni ya waya wa swichi, CB ni ya waya wa pointi. Hizo zilipangwa kwa chanya kwenye bodi. Kama trekta limegeuzwa kuwa hasi kwenye bodi na koili ni ile ya zamani, nyaya zake zibadilishwe nafasi.

Ukikosea, injini itawaka, na hapo ndipo wengi hudhani hakuna tofauti. Tofauti ipo. Elektrodi ya kati ya plagi ina joto kuliko ya pembeni, na elektroni huruka kwa urahisi kutoka kwenye kitu cha moto. Cheche ikilazimishwa kwenda kinyume, inahitaji volti nyingi zaidi kwenye pengo lilelile. Koili inahangaika zaidi, na injini inaanza kumisi inapobeba mzigo wa plau. Unaweza kuhakikisha kwa penseli ya kawaida: ishike kwa koleo yenye mpini wa plastiki, ncha ya penseli iwe katikati ya cheche kati ya waya wa plagi na kichwa cha plagi. Mwako mdogo wa rangi ya chungwa ukionekana kati ya penseli na plagi, uko sawa. Ukionekana upande wa waya, geuza nyaya ndogo za koili.

Sukuma waya mnene mpaka uguse chini kabisa ya tundu, kisha vuta mpira wake kufunika shingo. Waya ulioishia nusu unatengeneza cheche ndani ya tundu, tundu linaungua, na baada ya wiki kadhaa unauona ule mstari mweusi. Nati ndogo zikazwe kwa vidole, kisha robo mzunguko kwa spana.

Koili ya mraba ya Ford

Ford 9N, 2N na 8N za kabla ya namba ya kiwandani 263844 zina distributa mbele ya injini, nyuma ya feni, na koili ya mraba imekaa juu yake ikishikiliwa na kibano cha waya. 8N kuanzia namba hiyo, mwaka 1950, zina distributa ya pembeni na koili ya duara, na maelezo ya juu yanazitosha.

Koili ya mraba haina nyaya za kugeuza. Juu ina terminali moja ya umeme kutoka kwenye rezista, chini ina miguso: mmoja wa pointi, mwingine wa moto mkubwa unaokwenda kwenye rota. Toa waya wa juu, sukuma kibano kando kwa bisibisi, nyanyua koili wima. Angalia springi ya mguso wa pointi. Ikikunjwa au ikiwa na kutu, koili mpya itawasha trekta leo na kulikataza kesho. Safisha ukanda wa shaba inaoukalia, hakikisha gasketi ipo, na koili ikae sawasawa kabla ya kibano kurudi. Koili iliyoinama kwa upande inaonyesha mguso haujakaa.

Pale mbele ni pafinyu. Wengi huona ni rahisi zaidi kutoa distributa nzima, ambayo imefungwa kwa bolti mbili, na kuifanyia kazi mezani, na sisi tunakubaliana nao. Mezani unapata nafasi ya kuweka pengo la pointi kwa usahihi: inchi 0.015 kwa distributa ya mbele, inchi 0.025 kwa ya pembeni, ambazo ni milimita 0.38 na 0.64. Tahadhari iko wakati wa kurudisha. Ulimi wa chini ya distributa haukai katikati ya shimo lake, umesogezwa upande mmoja ili uingie kwa njia moja tu. Zungusha rota taratibu huku unasukuma kwa mkono mpaka distributa ikae bapa kwenye injini. Ikibaki na mwanya, usiivute kwa bolti; masikio yake ya chuma cha kumimina yanavunjika, na hapo kazi ya koili inageuka kuwa safari ya kutafuta distributa.

Ukizitoa nyaya za plagi, mpangilio wa kuwaka katika Ford hizi ni 1-2-4-3. Ferguson TE20 ni 1-3-4-2. Aliyezoea mmoja hukosea kwenye mwingine.

Vitu vya kubadilisha pamoja

Pointi zilizo na kilima upande mmoja na shimo upande wa pili zinakwambia kondensa hailingani. Badilisha zote mbili. Pointi zenye weusi tu zinasafishika kwa tupa ndogo ya pointi. Usitumie msasa wa chembe ngumu, kwa kuwa chembe zinabaki zimezama kwenye mguso. Maliza kwa kupitisha kipande cha karatasi safi katikati yake. Kondensa ya kawaida iko kati ya mikrofaradi 0.18 na 0.25. Ile ya zamani ikiwa inapima vizuri, itunze: kondensa mpya za siku hizi hazidumu zote.

Ukigusa pengo la pointi, umegusa na taimingi, yaani wakati cheche inaporuka. Pengo likipanuka moto unawahi, likibanwa moto unachelewa. Kwa hiyo pengo kwanza, taimingi baadaye, siyo kinyume chake.

Waya mnene wa kati uupime pia. Wa shaba usome chini ya omu moja. Kama umekatika ndani, cheche itauruka mkato huo na trekta litawaka, lakini koili itakuwa inafanya kazi ya ziada kila mzunguko. Hiyo, pamoja na plagi zenye pengo lililoliwa na kupanuka, huua koili polepole: volti zisipopata njia rahisi kwenye plagi zinatafuta njia ndani ya koili. Kwa Ford hizi pengo la plagi ni inchi 0.025.

Kujaribu

Rudisha waya wa betri, wa bodi ukiwa wa mwisho. Zungusha injini mpaka pointi zifunge, washa swichi, pima tena volti kwenye terminali zote mbili za koili, na ulinganishe na vipimo vya mwanzo. Halafu zima. Swichi isiachwe imewashwa injini ikiwa imesimama. Pointi zikiwa zimefunga, koili ya omu 3 inakula wati 48 mfululizo, sawa na chuma cha kulehemu, bila mapumziko inayoyapata injini inapozunguka. Koili nyingi zilizokufa hazikufa shambani, zilikufa hivi, usiku, zikiwa zimesahauliwa.

Trekta likikataa kuwaka, unganisha waya wa muda kutoka terminali ya betri isiyo ya bodi moja kwa moja hadi terminali ya koili ya upande wa swichi. Likiwaka hapo, kosa liko kwenye swichi, rezista au nyaya. Liache dakika moja tu kisha toa waya huo, kwa sababu unaruka rezista.

Likiwaka vizuri, lipeleke kazini, siyo kulizungusha uwanjani. Dakika arobaini chini ya mzigo ndizo zitakazosema. Simamisha, zima swichi, weka kiganja kwenye mkebe wa koili. Ya uvuguvugu au ya moto unaoweza kuvumilia kwa sekunde chache ni kawaida. Kama kiganja kinaruka chenyewe, pima volti za kuchaji injini ikiwa kwenye mwendo wa kazi: mfumo wa volti 12 ukizidi 14.5 hivi, regyuleta (kidhibiti cha kuchaji) haidhibiti, na koili inabeba umeme kuliko hesabu yako. Regyuleta ikiwa sawa, rudi kwenye omu za koili na rezista, ukague kama rezista haikurukwa na waya wa mtu aliyepita kabla yako.

Koili ya zamani iliyopimwa ikaonekana nzima, ifunge kwenye karatasi, andika juu yake volti na omu, uiweke kwenye boksi la vifaa.